Kukarabati Jiko la Nyumba ya Shambani Nyanda za Juu Kusini kwa Gharama Nafuu: Mwongozo Kamili

Majiko mengi ya shambani kuanzia Mufindi hadi Rungwe yana sura moja: chumba cha tofali za kuchoma kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba kubwa, bati juu, udongo chini, mafiga matatu katikati na masizi kila mahali. Mwenye nyumba akipata fedha kidogo baada ya mavuno, kitu cha kwanza anachonunua ni rangi. Miezi mitatu baadaye ukuta una madoa ya kahawia na fedha imekwenda.

Rangi ni kazi ya mwisho. Ya kwanza ni moshi. Moshi usipopatiwa njia ya kutokea, chochote utakachopaka, kujenga au kununua kitachakaa kabla ya mwaka kuisha, na macho na vifua vya wapikaji vitaendelea kuumia. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jiko la kuni na dohani, kisha paa, kuta, sakafu, na mwisho meza, sinki na rafu. Vipimo vyote ni vya chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za kimo cha mita 2.4. Chako kikiwa kikubwa au kidogo, zidisha au punguza kwa uwiano.

Wakati wa kufanya kazi

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei. Kazi ya udongo na tofali ifanyike kati ya Julai na Oktoba, mavuno yameshaingia na barabara zinapitika kwa lori la mchanga. Tukuyu na kandokando yake mvua haina adabu, kwa hiyo nunua turubai kabla ya kununua saruji. Juni na Julai usiku wa Njombe, Makete na Uporoto ni baridi kali, na saruji kwenye baridi hukomaa polepole. Kama fundi amezoea kufungua mbao za zege baada ya siku saba, mwambie asubiri kumi hadi kumi na nne.

Kabla ya kumwita fundi, kaa na mama mwenye jiko umuulize mambo matatu: sufuria kubwa kuliko zote ina upana gani, anasonga ugali amesimama au ameketi, na maji yanatoka wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayokupa vipimo. Jiko lililojengwa bila kumuuliza mpishi huishia kuwa mahali pa kulalia paka, na mafiga hurudi nje chini ya mti.

Jiko banifu la matofali lenye dohani

Jiko banifu, yaani linalobana matumizi ya kuni, tunalolieleza hapa ni la matundu mawili: moto unawaka chini ya tundu la kwanza, joto linalobaki linapita chini ya tundu la pili, kisha moshi unapanda dohani. Liweke kwenye ukuta wa upande wa kipembe cha paa, yaani upande ambao mbavu za bati hazimwagi maji. Dohani ikitoboa bati karibu na kofia ya paa, yaani ukingo wake wa juu kabisa, maji yanayoteremka kuifikia ni machache, na kuvuja kunapungua sana.

Msingi kwanza. Dohani ya tofali yenye urefu wa mita tatu na nusu ina uzito unaopita nusu tani. Ukiijenga juu ya sakafu ya udongo itazama na kupasuka. Chimba sentimita 30, jaza mawe na mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 5, usawazishe.

Ukubwa wa jiko lenyewe ni urefu wa sentimita 110, upana 55, kimo 56. Kimo hicho kinaonekana kifupi kwa mtu aliyezoea kuona majiko ya mjini, lakini kuna sababu. Sufuria ya ugali ina kimo chake, na anayesonga anahitaji kusukuma mwiko kwa nguvu za bega kutoka juu. Jiko likifika sentimita 80, mpishi anasonga ugali mikono ikiwa kifuani, na baada ya wiki atalikimbia. Anayepika ameketi kwenye kigoda, shusha hadi 40.

Tofali za kuchoma hazina saizi moja. Tuchukue zenye urefu wa sentimita 22, upana 10 na kimo 7. Hapo kila kozi, yaani mstari mmoja wa tofali, pamoja na udongo wa kuunganishia ni sentimita 8, kwa hiyo jiko ni kozi saba. Kozi tatu za chini ni kitako: jenga ukuta wa nje, jaza mawe na udongo ndani, shindilia. Juu ya kozi ya tatu ndipo sakafu ya moto inapokaa.

Chumba cha moto kiwe na upana wa sentimita 12 na mdomo wa kimo cha 12. Ndani ya mdomo, sentimita 4 kutoka chini, weka kipande cha chuma au kigae kigumu kama rafu: kuni zinakaa juu yake, hewa inaingia chini yake. Rafu hiyo ndogo ndiyo inayotofautisha moto mweupe na moto wa moshi. Watu huitoa ili waingize gogo zima, kisha wanalalamika kwamba jiko halivuti. Kuni za jiko hili ni zilizopasuliwa, zisizozidi unene wa kifundo cha mkono, na zilizokauka. Miwati inafaa sana. Paina inawaka haraka lakini utomvu wake hujaza dohani masizi ya kunata.

Kuta za chumba cha moto zijengwe kwa tofali zilizosimamishwa kwa ubavu, unene wa sentimita 7. Kati yake na ukuta wa nje utabaki na uwazi wa sentimita 4 hadi 5 kila upande. Usiujaze udongo wala mawe. Udongo mzito hunyonya joto ambalo lingekwenda kwenye sufuria. Jaza majivu makavu yaliyochekechwa. Walioko Rungwe na Uporoto wana kitu bora zaidi bure kwenye kingo za barabara: yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini. Yaponde yawe punje za ukubwa wa maharage na ujaze.

Kutoka sakafu ya moto hadi kitako cha sufuria iwe kama sentimita 28. Pungufu ya hapo mwali unagonga sufuria kabla haujawaka vizuri na kutoa masizi. Zaidi ya hapo unachoma kuni nyingi bila faida. Tundu la kwanza lipime kwa sufuria yenyewe: izame sentimita 3 au 4 na ikae kwa kubana, moshi usipate upenyo. Kwa sufuria ndogo, mwombe fundi wa vyuma akukatie pete ya bati nene ya kupunguzia tundu. Chini ya tundu la pili acha nafasi ya sentimita 5 tu, ili moto ulazimike kulamba kitako cha chungu kabla ya kwenda kwenye dohani. Tundu hilo lisikae wazi hata siku moja. Kama hakuna kinachopikwa, weka birika la maji. Utapata ya kuoga bila kuongeza ukuni.

Usitumie saruji popote moto unapogusa. Saruji ikipata joto la moja kwa moja hupoteza nguvu, inapasuka na kumeguka. Tumia udongo wa kichuguu ndoo 2, mchanga ndoo 1, na majani makavu ya ngano au nyasi yaliyokatwa mafupi, nusu ndoo. Loweka usiku kucha, kanyaga asubuhi. Kabla ya kuanza, finyanga donge la ukubwa wa chungwa, likauke siku mbili au tatu kivulini. Likipasuka, ongeza mchanga. Likimeguka kwa kidole, ongeza udongo. Nafasi kati ya tofali isizidi sentimita moja, na loweka kila tofali kwenye maji kabla ya kuliweka; tofali kavu hunyonya maji ya udongo papo hapo na kiungo hakishiki.

Dohani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kila kozi inahitaji tofali nne, kila moja ikianzia kwenye ubavu wa mwenzake kwa kuzunguka. Tundu linalobaki katikati ni urefu wa tofali ukitoa upana wake: 22 kutoa 10, sawa na 12. Ndiyo maana chumba cha moto tumekipa 12; tundu la dohani lisiwe dogo kuliko njia ya moto. Tofali zako zikiwa kubwa, tuseme urefu wa 25 kwa upana wa 10, utapata 15, na hapo unaweza kupanua chumba cha moto hadi 15 kwa familia yenye sufuria kubwa.

Kozi ya kwanza ya dohani acha tofali moja bila kuunganishwa. Hapo ndipo mlango wa kuzolea masizi. Kisha, kabla ya kuendelea kupanda, chukua gunia, lijaze nyasi hadi libane kwenye tundu, lifunge kamba. Kila kozi mbili unazopanda, livute juu. Linafuta udongo uliochuruzika ndani na kuacha kuta laini. Bila gunia hilo, vidonge vya udongo huganda ndani, masizi yanashikilia hapo, na dohani inaziba ndani ya msimu mmoja. Ifunge dohani kwenye ukuta wa nyumba kwa waya mnene kila baada ya kozi tano.

Kilele kiwe sentimita 60 juu ya kofia ya paa. Ikiishia chini ya kofia, upepo unaovuka paa hugeuka na kuusukuma moshi urudi ndani, na pepo za Makambako au Mafinga hazihitaji kualikwa. Sehemu inayotokeza juu ya bati ijengwe kwa mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, kwa sababu udongo utaoshwa na mvua. Juu weka kifuniko cha bati kilichoinuliwa sentimita 15 kwa miguu minne ya nondo.

Kutoka juu ya jiko hadi kilele ni kozi 43 au 44, tofali kama 175. Jiko lenyewe linakula kama 120. Agiza 330, za kuchoma kienyeji zina vipande.

Wengine watakushauri kuitoa dohani nje ya ukuta ili kuokoa nafasi. Kwa Kyela pengine. Kwa Njombe, hapana. Dohani iliyo nje hupoa, moshi unakuwa mzito, hauvuti vizuri na lami inaganda ndani. Iliyo ndani inatunza joto na kukirudishia chumba hadi usiku. Hilo si jambo dogo: majiko banifu mengi huku yametelekezwa kwa sababu hayaotwi. Mafiga yalikuwa yanapika na kuwapa watu moto wa kuota. Ndiyo maana tunapendekeza kibaraza cha tofali cha kimo cha sentimita 40 kando ya dohani, urefu wowote utakaotosha watu wawili au watatu. Tofali zake ni chache na ndicho kitu ambacho wazee watakushukuru kwacho. Kamwe wasihamie kwenye jiko la mkaa lililowekwa ndani huku mlango na madirisha vimefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu usingizini.

Jiko likimalizika, liache wiki tatu bila moto wa kweli. Wiki ya tatu washa moto mdogo wa vijiti, nusu saa kwa siku. Nyufa nyembamba zitatokea. Zizibe kwa udongo uleule. Anayewasha moto mkubwa siku ya tano ili kuonyesha majirani atapata nyufa za kuingiza kidole.

Paa na mwanga

Bati likatwe kwa uangalifu pale dohani inapopita, na papi au kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zikae mbali na tofali angalau sentimita 5. Ukiamua kutumia bomba la chuma badala ya tofali, umbali huo upande hadi sentimita 45, maana chuma kitupu kinachoma mbao. Nyumba ya nyasi isiwekewe dohani ya kutoboa paa.

Kosa linaloleta kuvuja ni moja. Fundi anakata bati bapa la kuzungushia dohani na kulilaza juu ya bati zote. Maji yanayotoka juu yanaingia chini yake. Utaratibu sahihi: upande wa juu wa mteremko bati bapa linaingia chini ya bati la paa, upande wa chini linatoka juu ya bati la paa. Ukingo wake unaopanda kwenye dohani uingizwe kwenye mfereji uliochongwa kati ya kozi mbili, sentimita 2 ndani, na kuzibwa kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga.

Ukiwa juu ya paa, badilisha bati moja kwa bati la mwanga. Bati moja linatosha chumba chote mchana, na bei yake ni ndogo kuliko dirisha. Liweke juu ya meza ya kazi, si juu ya jiko. Madirisha nayo kwa jumla yafikie sehemu ya kumi ya sakafu, yaani mita za mraba 1.2, na yawe kwenye kuta mbili tofauti ili hewa ipite. Uwazi ulio kati ya ukuta na bati usiuzibe kwa tofali kwa sababu ya baridi. Ubandike wavu wa matundu madogo, ndege na panya wasiingie.

Kuna habari ambayo mafundi wa majiko hawaisemi. Moshi wa zamani ulikuwa na kazi. Ulikausha mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya mafiga, ukafukuza dumuzi kwenye dari, na kulinda miti ya paa dhidi ya wadudu. Moshi ukitoka kwa dohani, ulinzi huo umeondoka. Kagua kenchi na papi zote, badilisha zenye unga wa mbao unaodondoka, na zilizobaki zipake dawa ya mbao wakati chumba bado kitupu. Oili chafu ya magari isitumike jikoni. Harufu yake haitoki na ni hatari karibu na chakula. Mahindi na maharage yahamie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, au pipa lenye mfuniko unaobana, yakiwa yamekauka kabisa. Ukifunga mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, utafungua ukungu.

Kuta

Masizi yaondolewe yakiwa makavu. Funika uso kwa kitambaa, fagia kutoka juu kwenda chini kwa fagio gumu, zoa, kisha ndipo uoshe kwa maji ya moto, sabuni ya unga na magadi. Ukianza na maji unatengeneza wino. Sehemu zilizokuwa karibu na mafiga zina lami iliyozama ndani ya plasta, na hiyo haioshwi. Rangi ya maji haiizuii: utapaka leo, wiki ijayo doa la kahawia limerudi. Bomoa plasta hiyo, au kama eneo ni dogo pitisha rangi ya mafuta kwanza, ikauke, ndipo uendelee.

Kwa plasta mpya, angalia ukuta ni wa nini. Tofali za kuchoma zinapokea saruji. Kwangua viungo kina cha sentimita moja, mwagia maji ukuta tangu jana yake, piga plasta ya saruji 1 kwa mchanga 5, unene wa sentimita 1.5. Kuokoa fedha, piga hadi kimo cha mita 1.2 tu kuzunguka chumba, ambapo ndipo maji, mafuta na mikono hufika. Hizo ni kama mita za mraba 17, mifuko miwili ya saruji. Juu ya hapo tofali zibaki wazi na kupakwa chokaa.

Tofali mbichi ni habari nyingine. Saruji juu ya tofali mbichi hutengeneza gamba: ukuta unavuta unyevu na kutanuka, gamba halitanuki, na baada ya masika moja linabanduka bapa zima. Tumia plasta ya udongo 1, mchanga 2, na majani yaliyokatwa, tabaka mbili, kisha chokaa.

Chokaa inachomwa Songwe na inapatikana kwa urahisi Mbeya. Kwa ndoo ya lita 20 weka kilo 7 za chokaa ya unga, nusu kilo ya chumvi iliyoyeyushwa, jaza maji hadi lita 18, iache usiku mzima, ichuje. Iwe nyepesi kama maziwa. Watu huifanya nzito ili wamalize kwa mkono mmoja, kisha inatoa unga kwenye nguo za kila anayeegemea. Lowanisha ukuta, paka mikono mitatu myembamba, siku moja kati ya mmoja na mwingine. Ikiwa mbichi inaonekana kama haijapakwa kitu. Weupe unakuja ikikauka. Vaa glavu na kinga macho, chokaa inaunguza. Sehemu ya chini iliyopigwa plasta ipakwe rangi ya mafuta, na kijani au kahawia ya kati inastahimili mikono kuliko nyeupe.

Sakafu

Ng'oa udongo hadi sentimita 20 chini ya usawa unaoutaka. Panga mawe, shindilia, jaza changarawe juu yake hadi mapengo yafungike. Tandika nailoni nzito, hasa huku kwenye ardhi yenye unyevu. Juu yake zege la jamvi la sentimita 6, uwiano wa saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Siku inayofuata sakafu ya sentimita 2.5, saruji 1 kwa mchanga 4, ikiteremka sentimita moja kwa kila mita kuelekea mlangoni ili maji ya kudekia yatoke yenyewe.

Kwa chumba chetu inakuwa hivi: saruji mifuko 6 pamoja na ya niru (saruji tupu ya kulainishia uso), na wa saba wa akiba, mchanga ndoo 33 za lita 20, kokoto vilevile ndoo 33. Kwa kiasi hicho kununua kokoto kwa ndoo ni ghali. Changia tripu na jirani anayejenga.

Niru inapigwa siku hiyohiyo, sakafu ikiwa imeanza kukaza lakini kidole bado kinaacha alama. Ikipigwa kesho yake itabanduka kama ganda la yai. Ukitaka nyekundu, changanya rangi ya unga ya sakafu kwenye saruji ya niru, isizidi sehemu ya kumi ya uzito wa saruji, maana ikizidi inadhoofisha. Mbele ya sinki usipige niru. Pitisha brashi ili pawe na mkwaruzo, watoto wasiteleze. Mwagia maji sakafu yote asubuhi na jioni kwa siku saba.

Fedha ikiwa haitoshi, piga saruji kwenye mkanda wa mita 1.2 mbele ya jiko na sinki, kwingine shindilia udongo vizuri. Ni bora kuliko kutandaza saruji ya sentimita moja chumba kizima. Hiyo inavunjika kwa kudondokewa na kinu.

Meza ya zege

Hapa ndipo chumba kinapobadilika sura. Meza ya urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 60, unene wa 7.5, juu ya nguzo tatu za tofali. Kimo cha juu kiwe sentimita 85, maana hapa mtu anakata mboga na kuosha vyombo, hasongi ugali.

Funga boksi la mbao lenye kingo zilizonyooka, na tundu la sinki ulizungushie mbao sasa hivi. Kukata zege baadaye ni kazi ya mashine na machozi. Nondo za milimita 10: nne ndefu, na fupi kila sentimita 20. Nondo mbili za urefu wa mita 12 zinatosha na kubaki. Ziinue kwa vijiwe vya sentimita 2 zisilale kwenye mbao. Zikigusa chini zitashika kutu na kuonekana. Juu ya nguzo ya kati ongeza vipande viwili vya sentimita 80 karibu na uso wa juu, kwa sababu hapo meza hupasukia juu, si chini.

Zege: saruji ndoo 1 na robo, mchanga 2 na nusu, kokoto ndogo 5. Anza na maji lita 15, ongeza kidogokidogo, usipite 18. Fundi ataomba maji zaidi ili litiririke. Kataa. Maji mengi yanaacha vitundu na uso unaomeguka. Ligonge boksi kwa nyundo pembeni, hewa itoke. Lainisha kwa mwiko wa chuma likianza kukaza, lifunike kwa gunia bichi siku saba, na nguzo za kushikilia boksi zitoke baada ya wiki mbili.

Maji, sinki na rafu

Hata pasipo bomba, sinki inafanya kazi. Weka pipa dogo au ndoo kubwa yenye koki juu ya rafu imara iliyo sentimita 50 juu ya sinki. Lita 50 za maji ni kilo 50, kwa hiyo rafu hiyo ishikwe na nguzo, si misumari. Bomba la kutolea liwe la inchi moja na nusu, mteremko sentimita 2 kwa kila mita, na lazima liwe na trapu, ule mpindo unaobaki na maji. Ndio unaozuia harufu, mende na panya. Maji yaende kwenye shimo la mawe, mita kadhaa kutoka msingi, na ukipanda migomba pembeni hutahangaika na matope.

Sufuria za kuni husuguliwa kwa majivu na mchanga. Vitu hivyo vikiingia kwenye sinki vinakaa kwenye trapu na kuganda na mafuta. Kwa hiyo kichanja cha nje kibaki: sufuria zisuguliwe huko, sinki ni ya sahani, vikombe na mboga.

Kwa rafu, mbao za paina za inchi 1 kwa 8 au 1 kwa 10 kutoka viwanda vya Mafinga zinatosha. Msitu wa Sao Hill uko hapohapo, na mbao za futi 12 ni rahisi kuliko popote. Tatizo ni kwamba nyingi zinauzwa mbichi. Zipange kivulini zikiwa na vijiti kati yake, uzito juu, kwa miezi miwili au mitatu. Zikipigiliwa mbichi zitajipinda kama ulimi. Vishikio kila sentimita 70, vanishi mikono miwili, na chini ya rafu ya chini pigilia misumari mirefu ya kutundikia miko, nyungo na vikapu.

Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, mbali na jiko. Mtungi wa gesi usikae karibu na kuni zinazowaka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni kuutafuta moto. Uweke nje ya ukuta kwenye kibanda chenye matundu chini, au kona ya mbali yenye tundu la hewa usawa wa sakafu.

Dohani izolewe masizi kila mwezi kwa wanaochoma paina, kila miezi miwili kwa wanaochoma miwati. Toa lile tofali la chini, pitisha tawi la majani magumu lililofungwa kwenye kamba yenye jiwe kutoka juu, zoa, rudisha tofali kwa udongo mwepesi. Moshi ukianza kurudi ndani kabla ya muda huo, angalia kwanza kama kuni ni mbichi, kisha kama tundu la pili limefunikwa, ndipo upande paani.